936 kwa 4

Nilifundisha Uvira, Kongo, miaka tisa, kwa Kiswahili na Kifaransa, kabla sijafika nikiwa mkimbizi Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Hapa nilianza upya kama mwalimu msaidizi, maana Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Nakivale imekuwa ikipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda. Darasani kwangu Wakongo, Warundi na Wanyankole wa vijiji vya jirani walibanana benchi moja.

Alikuwamo mvulana wa miaka 13. Kongo alikuwa amemaliza darasa la tano. Hapa aliwekwa la tatu na watoto wa miaka minane, kwa sababu ya Kiingereza tu. Siku hiyo nilitoa 936 kugawanya kwa 4. Wenzake waliandika 4 kushoto na jibu juu ya mstari. Yeye aliandika 936, akachora mstari wa kusimama, 4 akaiweka kulia, na chini yake jibu: 234. Hatua za kutoa hakuziandika, alizifanya kichwani, vilevile kama nilivyofundishwa mimi utotoni.

Nikamwandikia kosa.

Nilijua jibu ni sahihi. Nilikuwa mgeni kazini, nikataka kila daftari lifanane na mwongozo. Mtoto hakubisha. Alifunga daftari, na wiki nzima hakunyosha mkono.

Jumatatu nilimwita ubaoni. "Baba, mimi ndiye niliyekosea. Tuonyeshe." Akagawanya. Msichana wa Kinyankole akauliza, "Mwalimu, mbona hatoi?" Mvulana akajibu mwenyewe: "Ninatoa, ila kichwani." Darasa zima likataka kujaribu. Ndipo Mrundi mmoja akasema kwao mbili na nusu huandikwa 2,5 kwa mkato, si 2.5 kwa nukta. Alikuwa amekaa na jambo hilo moyoni muda wote huo, akidhani ni aibu ya kwao.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na raia. Nimeiona haki hiyo ikivunjika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, mkononi mwa mwalimu anayewapenda watoto. Tangu hapo, kila mzazi anayeleta mtoto mpya namwomba anionyeshe daftari la zamani, kama walifanikiwa kukimbia nalo. Wachache sana wanalo.

Mwalimu mwenzangu wa Isingiro na Mbarara, ukimpokea mtoto kutoka Uvira au Bujumbura, mwite kwanza ubaoni, akueleze alivyopata jibu, kabla hujashika kalamu nyekundu.