Asubuhi Dar es Salaam, Mchana Mashambani kwa Zabibu

Kikundi chetu cha akina mama tuko 12. Tunasali makanisa mbalimbali, Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki na wawili wa Kipentekoste, lakini tunaishi mtaa mmoja na tunacheza upatu pamoja. Kila mwaka kinachobaki katika mfuko wa chai tunakitumia kwa matembezi. Tumekwisha kwenda Bagamoyo mara mbili, na mwaka mmoja hatukwenda popote kwa sababu mwenzetu alifiwa na fedha yote ikaenda kwenye rambirambi. Mara hii mweka hazina alikuja na jambo jipya. Alisema twende Dodoma kwa treni, tukaone mashamba ya zabibu, tuonje mvinyo, na jioni tulale kwetu.

Kimya kilitanda. Wengine walikuwa wanawaza Dodoma na umbali wake. Wengine walikuwa wanawaza mvinyo.

La umbali lilimalizika upesi. Sisi tuliozoea reli ya kati ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, tunakumbuka kwamba kwenda Dodoma ilikuwa safari ya kulala njiani. Basi nalo lilikula siku nzima. Lakini tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma, na ile ya haraka hutumia saa tatu na nusu hivi. Ukiondoka alfajiri, saa nne asubuhi uko Dodoma na kanga yako haijapata vumbi. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu, na treni ya haraka ilizidi hapo. Akina mama wanaotaka kutufuata waulize nauli na ratiba kwanza, maana hivyo hubadilika. Tena wakate tiketi za kwenda na kurudi siku moja. Tulisikia habari za watu waliopata ya kwenda wakakosa ya kurudi, na mama mwenye watoto wa shule hawezi kulala Dodoma bila kutarajia.

Jambo jingine la kuangalia ni jina. Ukizungumza zabibu za Dodoma utasikia Makutupora, mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, na hata aina moja ya zabibu nyekundu inaitwa hivyo hivyo. Makutupora hiyo iko kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye barabara ya Arusha. Lakini reli mpya nayo ina Makutupora yake, mbele ya Dodoma, mkoani Singida. Mweka hazina wetu aliona jina hilo kwenye orodha ya vituo akafurahi kwamba treni itatushusha mlangoni mwa shamba. Mume wake, ambaye amefanya kazi Manyoni, ndiye aliyetuokoa. Kituo cha kushukia ni Dodoma, basi.

La mvinyo ndilo lililotuchukua vikao viwili.

Mmoja alisema hakuna la kujadili, kwani Bwana Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Mwingine akamjibu kwamba Nuhu naye alipanda mizabibu, na tunajua yaliyomkuta. Wakatoliki wakatukumbusha kwamba wamisionari ndio waliopanda mizabibu Dodoma, wakihitaji divai ya misa, na kwamba Bihawana, kwenye barabara ya Iringa, bado jina lake linatajwa pamoja na divai. Wapentekoste wetu wawili walisema kwa upole kwamba wao hawataonja, ila treni wanaitaka. Hayo yote tuliyapokea, na kicheko kilikuwapo.

Kisha akasema mwenzetu mmoja ambaye hazungumzi sana. "Mimi nimekwisha changa, na fedha yangu msinirudishie. Lakini siendi. Baba watoto ana miezi saba hajagusa pombe. Nikirudi usiku nanukia divai, nimwambie nini?"

Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tulijua habari za nyumba ile kabla ya miezi hiyo saba. Tulikuwa tumempokea yeye na watoto usiku zaidi ya mara moja. Tukaona aibu kwamba vikao viwili tulihojiana juu ya Kana na Nuhu, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa kwenye mkeka pamoja nasi likinywa chai.

Palitolewa shauri la kuahirisha safari. Yeye mwenyewe alilikataa. Alisema hataki kuwa mtu ambaye wenzake wanakosa matembezi kwa sababu yake, kwa kuwa mtaani hilo litasemwa, na litakalosemwa litamfikia mzee. Basi tukaipanga siku upya. Mwanzo tulikuwa tumetoa saa nyingi kwa kiwanda na nusu saa kwa shamba. Tukageuza. Shamba likapewa muda mrefu, na kuonja kukapewa saa moja baada ya chakula cha mchana, kwa wanaotaka. Hakuna atakayebeba chupa kurudi nayo. Na shamba tukamkabidhi yeye alitafute na kulipanga, kwa sababu ana ndugu Dodoma.

Hilo la chupa lilimuudhi mweka hazina, aliyekuwa ameahidi shemeji yake zawadi. Alinyamaza siku mbili, kisha akakubali.

Tulichagua Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka kuelekea Machi, na tena Agosti na Septemba. Ukienda katikati utakuta mizabibu imekatwa na huna cha kuona ila vijiti. Wiki mbili kabla tulipiga simu viwandani. Cha kwanza hawakupokea, cha pili walitukubali na kututajia ada ya kuonja. Tusingepiga simu tungefika langoni tukaishia kuzungumza na mlinzi. Tulikodi pia gari dogo la kutungoja stesheni, kwa kuwa stesheni mpya iko nje ya mji na mashamba yako mbali zaidi.

Siku yenyewe tulitoka nyumbani kukiwa giza. Mboga za wazee na watoto zilikwisha pikwa tangu Ijumaa. Kitambulisho kila mmoja alikifunga kwenye pindo la kanga. Ndani ya treni tuliimba kidogo, kwa sauti ya chini, mpaka tulipoona abiria wengine wanaitikia. Milima ya Uluguru ilitupita upande wa kushoto, kisha baada ya Kilosa yakaja mahandaki, giza na mwanga, giza na mwanga, na mmoja wetu alikuwa akifumba macho kila mara. Kuanzia Gulwe nchi ikakauka, ikawa mibuyu na miiba. Mtu wa pwani akiitazama nchi ile hawezi kuamini kwamba kuna tunda lenye maji mengi kiasi kile linalotoka humo.

Shambani tulipokelewa na mama wa Kigogo, mtu mzima, aliyetuamkia "Mbukwenyi" na kutuonyesha mizabibu yake kwenye nyaya, safu kwa safu, vichala vimening'inia kimo cha kiuno. Alitueleza kwamba nchi za baridi mzabibu hulala wenyewe wakati wa theluji. Hapa hakuna theluji, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi. Anapogoa, anauacha upumzike, unachipua tena. Ndiyo maana mavuno ni mawili. Jua kali na mvua chache ndivyo vinavyozipa zabibu sukari, na pasipo sukari hakuna mvinyo.

Mmoja wetu alimkumbusha yule mke mwema wa Mithali sura ya 31, aliyepanda shamba la mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Mama yule alicheka sana. "Huyo wa Mithali," akasema, "soko alilipata wapi?" Kisha akatueleza bila kicheko. Zabibu hazingoji. Zikiiva zimeiva zote kwa pamoja, kwake na kwa jirani, na kiwanda kikisema kimejaa, siku chache tu zinaanza kuoza na ndege wanamaliza. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Kichala cha zabibu unakiuza leo kwa bei ya mnunuzi, au unakitupa. Tulizoea kulalamikia bei ya zabibu Kariakoo. Sasa tunalalamika kwa sauti ndogo zaidi.

Mwenzetu alimwuliza kama yeye hunywa. "Nina eka moja na nusu," akajibu, "na sijui ladha yake. Mimi nasomesha watoto nayo." Wale wawili walibaki safu ya mwisho wakizungumza muda mrefu, sisi wengine tukiwa tumekwisha kaa kivulini. Waliyozungumza hatukuyauliza.

Kiwandani tulikuwa 7 tulioonja. Mmoja wetu ananyonyesha na mwingine yuko kwenye dawa za presha, wakapewa maji ya zabibu. Wapentekoste wetu walikaa na mwenzetu nje, wakila ubuyu. Kijana aliyetuongoza alitufundisha kwamba zabibu nyekundu ndani yake ni nyeupe. Rangi iko kwenye ganda. Mvinyo mwekundu huachwa uchachuke pamoja na maganda, mweupe hukamuliwa kwanza maganda yakatolewa. Hamira hula sukari na kuigeuza kileo. Ikiila yote, unapata mvinyo mkavu, na sisi tuliotegemea utamu kama wa sharubati tulikunja nyuso mpaka kijana akasikitika.

Kisha akatuonyesha ndoo. Anayeonja, akasema, hanywi. Anainua glasi aone rangi, ananusa, anachukua funda dogo, analizungusha mdomoni, anatema. Kutema mate mbele ya watu! Sisi tuliochapwa utotoni kwa kosa hilo tulitazamana. Wa kwanza alijifunika kwa kanga. Baada ya hapo tulizoea, na tunakiri kwamba wawili walisahau ndoo mara moja au mbili. Lakini tulitoka wote tunatembea sawasawa.

Kabla ya kupanda treni ya jioni mwenzetu alinunua katoni moja ya zabibu za kula, akaipakata njia nzima kama mtoto. Karibu na Morogoro alituambia amempigia mzee simu na kumweleza yote, shamba na kiwanda na nani alikaa wapi. Tukamwuliza alisemaje. Akasema, aliuliza tu treni inafika saa ngapi.

Tulipotoka stesheni usiku alikuwa amesimama langoni, amevaa shati la kanisani. Alituamkia sote, mmoja mmoja. Akaitwaa ile katoni, akaiweka begani, akamwuliza mkewe kama zimeoshwa.