Hina Mikononi mwa Wanafunzi na Somo la Sanaa

Kila baada ya Sikukuu ya Idi, na kila baada ya arusi kubwa mtaani, walimu wa shule za mwambao hukabiliwa na jambo lisilokuwamo katika muhtasari wowote wa masomo. Wasichana hurejea shuleni na mikono iliyotiwa hina. Kanuni za shule nyingi zinakataza mapambo, na hina ni pambo. Basi mwalimu wa zamu huona hana budi kutoa adhabu. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza walimu wenzetu, na hasa wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa nini tunaiona adhabu hiyo kuwa haina maana, na jinsi sisi wa upande wa sanaa tulivyojaribu kuigeuza hina iwe somo. Hatusemi kanuni za mavazi zifutwe. Shule isiyo na kanuni haina tofauti na soko. Tunasema tu kwamba mwalimu, kabla hajaadhibu, hana budi kukijua kile anachokiadhibu.

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo katika shule moja ambayo hatutaitaja, tuliwakuta wasichana sita wamechutama bombani wakisugua viganja kwa mchanga na sabuni. Walikuwa wameambiwa wasirudi darasani mpaka rangi itoke. Kipindi cha hisabati kilipita, na kilichofuata kikapita. Ngozi ilianza kuchubuka, nayo rangi ilikuwa pale pale. Aliyetoa amri ile alikuwa mwalimu wa sayansi, na hilo ndilo lililotushangaza kuliko yote.

Majani ya mhina, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Lawsonia inermis, yana rangi iitwayo losoni. Majani hayo yakikaushwa, yakatwangwa na kuchungwa kwa kitambaa chepesi, kisha unga wake ukakandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa kwa saa kadhaa, losoni huanza kutoka. Ikikutana na ngozi huingia katika tabaka la juu la seli zilizokufa, ikashikana na protini iitwayo keratini. Haikai juu ya ngozi kama vumbi la chaki. Imekuwa sehemu ya ngozi yenyewe. Itatoka pale tu tabaka lile litakapopukutika na kulipisha jingine, yaani kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu. Kwa hiyo mtoto anayeamriwa kuiosha hina anaamriwa kujichuna ngozi.

Laiti mwalimu yule angaliwapanga wasichana wale sita mbele ya darasa na kuuliza maswali mawili tu! La kwanza: kwa nini rangi ni nzito kiganjani na hafifu mgongoni mwa mkono, ijapokuwa hina ni ile ile na imepakwa saa ile ile? Jibu limo katika unene wa lile tabaka la seli zilizokufa, ambalo kiganjani na katika wayo ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini. La pili: kwa nini hina ikibanduliwa usiku huwa na rangi ya chungwa, na kesho yake au kesho kutwa ikawa imekolea na kuiva? Hapo mwalimu angalipata mlango wa kuingilia katika habari za oksijeni. Wasichana wale waliyajua mambo haya yote kwa macho yao tangu utotoni, bali hapakuwa na mtu aliyepata kuwauliza sababu.

Tena angaliweza kuwalinganishia pambo hili na mengine. Udongo mwekundu ambao Wamaasai huuchanganya na mafuta, na liwa ambayo mama zetu huisaga juu ya jiwe na kujipaka usoni, hukaa juu ya ngozi na huondoka kwa maji. Chale walizokuwa wakichanjwa Wamakonde usoni hazikuondoka mpaka kaburini. Hina imesimama katikati: haioshwi, wala haidumu. Yumkini ndiyo sababu ya kupendwa kwake, kwa kuwa mtu huweza kuivaa furaha kwa siku zake, ikaisha bila ya kuvuliwa.

Sasa tuingie katika sanaa, ambayo ndiyo kazi yetu.

Katika vyuo vyetu kuchora hufundishwa kwa karatasi, penseli na ufutio. Mwanachuo huwekewa chungu na sanduku juu ya meza, akapiga mstari, akaufuta, akaupiga tena, hata karatasi ikatoboka. Si njia mbaya, lakini humzoesha mtu kuamini kwamba mstari wa kwanza ni wa kujaribia. Tukaamua kumwalika chuoni mama mmoja mpambaji, somo wa maharusi wengi mjini, ili wanachuo waone kazi ya mtu ambaye mstari wake wa kwanza ndio wa mwisho. (Ofisi ya mhasibu ilitaka kwanza kujua sifa zake za kitaaluma ili posho yake iidhinishwe. Tuliandika: miaka arobaini kazini. Fomu ilirudishwa mara mbili.)

Mama yule hakuleta kalamu wala kielelezo. Alileta bakuli, njiti za ukuti zilizochongwa, na kibomba cha karatasi ya nailoni alichokisokota mwenyewe. Mwanachuo mmoja wa kike alijitolea mkono. Mama aliushika, akaugeuza, akautazama kwa kitambo kirefu kama fundi cherehani anavyoutazama mwili wa mtu kabla ya kukata kitambaa. Alianza na ua kubwa karibu na kifundo, akalitoa tawi likapanda kwa mshazari hadi kidole cha shahada, kisha akarudi kujaza nafasi. Hakupima kwa rula. Kipimo chake kilikuwa viungo vya vidole: ua hili liishie kwenye kiungo hiki, jani lile lisivuke kile.

Mwanachuo mmoja akauliza, "Mama, na tukikosea?"

"Mwanangu, hina haina ufutio. Ukikosea, lile kosa litie jani."

Tuliwaona wanachuo wakiandika maneno hayo katika madaftari yao, jambo wasilolifanya sana katika mihadhara yetu.

Lililotusaidia zaidi lilikuwa ule mkono wa pili. Katika pambo la kawaida mikono miwili hulingana, na ua la mkono wa kulia sharti lionekane kushoto kama lionekanavyo kiooni. Mama aliligeuza tawi lile lote kichwani mwake bila ya kulitazama, na wanachuo wa hisabati waliokuwa wamekuja kushangaa tu wakatambua kuwa wanaoneshwa ulinganifu na akisi, mada ambazo wao huzifundisha kwa vikaratasi vya kukunja. Tuliwaagiza watazame na sura za maua. Mengine walikuwa wakiyajua tangu zamani: ile korosho iliyopinda ncha, ambayo imo katika kanga nyingi za mama zao, ilikuwapo pia mkononi. Tangu siku hiyo huwaambia wanachuo waje darasani na kanga mbili tatu, watafute sura moja, wailinganishe jinsi inavyokaa katika pindo la nguo lililonyooka na jinsi inavyobidi kupindwa ikikaa juu ya mkono wenye mabonde na milima yake.

Yapo mambo ya adabu ambayo mkufunzi hana budi kuyatazama mapema. Sisi tukiwa wanaume, hatukushika mkono wa mwanachuo wa kike, wala hatukumwomba mama yule afanye jambo lisilomstahili. Wanachuo wa kiume nao hawapakwi hina mikononi kwa ajili ya pambo, na desturi hiyo tuliiheshimu. Walichora juu ya vibuyu, kwa uji mzito wa unga wa ngano uliotiwa majani ya chai, wakatumia vibomba vile vile. Kibuyu ni mwalimu mkali: mstari ukilegea, hutiririka. Baadhi yao walishinda dada zao kwa wepesi wa mkono, nao hawakuficha furaha.

Kadhalika mkufunzi ajue kuwa pambo hili lina lugha yake. Kwa desturi ya zamani ya mwambao, michoro mikubwa ya mikono na miguu ilikuwa ya bibi arusi na ya wake walioolewa. Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa na mumewe hajitii hina. Kwa hiyo mtu aliyeijua mila aliweza kuusoma mkono kabla ya kusikia jina. Lugha hiyo inabadilika mbele ya macho yetu. Wasichana wadogo wanachorwa michoro ambayo bibi zao wangaliona haya kuivaa kabla ya arusi. Mitindo ya Ghuba yenye maua makubwa na nafasi tupu inashindana na ya Kihindi isiyoacha hata upana wa punje. Na katika fukwe za Unguja wageni hupakwa mchoro mdogo begani ili waende nao kwao. Wako wazee wanaolalamika, na wana haki yao. Sisi tunaona kuwa mabadiliko hayo yenyewe ni mada nzuri ya mjadala darasani. Mwezi Desemba mwaka 2024 UNESCO iliiandikisha hina na mila zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, Oman ikiwa miongoni mwao. Nchi zetu hazikuwamo katika maombi hayo. Tunapowaambia wanachuo habari hii, huuliza kwa nini. Nasi huwajibu kwa kuwauliza ni shule ngapi zimepata kumwita mpambaji mmoja darasani.

Lakini liko jambo ambalo katika hilo mwalimu anayekataza ana haki, nalo ni la hatari. Rangi nyeusi ya kupambia mwambao huitwa piko. Piko inayouzwa siku hizi aghalabu ni unga wa kutilia rangi nywele, wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Huku kwetu huchanganywa kwa makisio, ikachorwa mikononi mwa watoto. Wengi hawadhuriki mara ya kwanza. Wengine, baada ya siku chache au hata wiki mbili, hutokwa na malengelenge yaliyofuata mchoro ule ule, ua kwa ua, na kovu au baka likabaki. Lililo baya zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa kemikali hii, huikataa maisha yote. Mtu huyo akija kutia rangi nywele ukubwani anaweza kuvimba uso mzima.

Basi wanachuo wetu hufundishwa kuzitambua. Hina ya majani haiwi nyeusi kama makaa, wala haikolei kwa nusu saa. Anayeahidi weusi wa haraka ametia kitu kingine. Mama yule tuliyemwalika hutumia piko kwa maharusi wanaoisisitiza, na hakupenda tulipoyaeleza haya mbele yake. Tulizungumza naye kwa heshima baada ya kipindi. Alisema amewahi kuona malengelenge, akidhani ni hasadi ya watu. Hatujui kama ameiacha. Tunajua kwamba alipokuja mara ya pili hakuwa na kichupa cheusi katika kikapu chake. Tuongeze pia kuwa watoto wachanga wasipakwe hata hina halisi, kwa kuwa wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao si haba katika sehemu zenye malaria. Hina inaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu yao.

Limebaki suala la kusahihisha. Kazi ya udongo huwekwa rafuni mpaka mtahini afike. Kazi ya hina humfia mwanachuo mkononi. Picha husaidia, bali picha huonesha siku moja tu. Tulichofanya ni kumtaka kila mwanachuo aliyechorwa aandike jedwali la siku 21: kila asubuhi alinganishe rangi ya kiganja, ya mgongo wa mkono na ya ukucha, na kuipaka rangi iliyo sawa nayo katika kisanduku chake kwa rangi za maji. Kuchanganya rangi ishirini na moja za hudhurungi zinazofifia ni zoezi ambalo hatukupata kuliona gumu kiasi kile katika kitabu chochote. Majedwali mengi yaliisha kabla ya siku zake, mgongo wa mkono ukiwa wa kwanza kutoweka na kiganja kikifuatia. Ukucha haukufuata hesabu yetu. Rangi yake haikufifia hata kidogo, ilisogea. Mwanachuo mmoja, kwa hiari yake, aliendelea kupima kwa rula nafasi nyeupe iliyokuwa ikiongezeka kati ya nyama na ile rangi, akapata kama milimita 3 kwa mwezi, na alipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha alikuwa bado ana ukingo mwekundu nchani mwa kidole gumba. Mwalimu mkuu wa huko alimwita ofisini kumwuliza habari zake. Alikwenda na jedwali lake.