Klachi na Otomatiki: Kutoka Likoni Hadi Vilima vya Taita

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, binti akifikia umri wa kujifunza udereva huzuka mjadala usiokwisha: ajifunze gari la manyuali, lenye klachi na gia za kubadilisha kwa mkono, au la otomatiki, lijibadilishalo gia lenyewe? Kina baba husema kwamba asiyejua klachi hajajua gari. Mabinti hujibu kwamba magari madogo yanayoshushwa bandarini Kilindini kutoka Japani ni otomatiki kwa wingi, basi ya nini kujitaabisha? Kila upande una hoja, na baraza huvunjika bila ya hukumu.

Sisi, wanawake wa jamaa moja, tuliuona mjadala huu barabarani tulipofunga safari ya kwenda Wundanyi kumzuru wifi yetu aliyejifungua. Tulikwenda kwa magari mawili: dogo la otomatiki, na kubwa la manyuali lililobeba watoto, vyakula na mizigo. Wenye leseni tulikuwa wanne, nasi tulidhani idadi hiyo yatosha na kuzidi.

Safari ilianza Likoni baada ya swala ya Alfajiri. Barabara ya Dongo Kundu ingetuepusha na feri, lakini Shangazi alikuwa akitungoja Kibokoni, hivyo tukapanga foleni kivukoni. Foleni ile ndiyo hoja kubwa ya wapendao otomatiki. Gari husogea hatua mbili, likasimama. Likasogea tena, likasimama. Mwenye otomatiki hulegeza breki tu, nalo hujongea polepole. Mwenye manyuali hukanyaga klachi, huingiza gia, huachia, hukanyaga tena, mpaka goti la kushoto likaanza kulalamika.

Lakini kivukoni pana jambo zito kuliko uchovu wa goti. Watu wa Mombasa hawajasahau tarehe 29 Septemba 2019, siku ambayo gari dogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri, likatumbukia mkondoni, na mama na bintiye mdogo wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hatumnyoshei mtu wala gari kidole; twakumbusha tu kwamba feri ni barabara itikisikayo. Mwenye otomatiki na aweke gia kwenye P, avute breki ya mkono, kisha azime injini. Mwenye manyuali na azime injini, avute breki ya mkono, na aliache gari ndani ya gia: gia ya kwanza likielekea juu, gia ya nyuma likielekea chini. Gari lililoachwa bila gia limeshikwa na breki ya mkono peke yake.

Tukampakia Shangazi, tukasoma dua ya safari, tukavuka Makupa. Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani: kila mji una malori yake. Baada ya Samburu minazi hutoweka, na nchi kavu ya Taru hutanda kwa vichaka vyake vya miiba na udongo mwekundu. Hapa magari mawili huwa sawa. Barabara ni ndefu, gia ya juu haibadilishwi mara kwa mara, na hapana ajuaye nani ana klachi na nani hana.

Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Seyyid Baghali, Mhindi anayekumbukwa tangu zama za ujenzi wa reli ya Uganda. Wasafiri wa dini na makabila mbalimbali hupunguza mwendo hapo. Kina mama walitandika mkeka kivulini, chai ikamiminwa, mahamri yakatolewa, na watoto wakanyoosha miguu.

Voi iko kiasi cha kilomita 150 kutoka Mombasa. Hapo tuliiacha barabara kuu, tukaelekea Mwatate penye mashamba ya katani, kisha tukaanza kuupanda mlima. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kilicho juu yake hufika mita 2,208. Njia hujipinda kama nyoka, ukuta wa mwamba upande huu na bonde upande ule. Migomba na mboga hupandwa kwenye matuta hadi ukingoni mwa lami, na ubaridi huingia dirishani hata watoto wa pwani wakaomba masweta.

Kwenye mpando wa namna hii ndipo tabia ya kila gari hudhihirika. Katika manyuali, klachi hutenganisha na kuunganisha injini na gia. Dereva akisimama mlimani hana budi kushika breki ya mkono, kuachia klachi taratibu mpaka ahisi gari limeshika, ndipo aachie breki. Asiyezoea hurudi nyuma au injini humzimikia. Katika otomatiki nyingi, kazi ya klachi hufanywa na mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo kilicho kati ya injini na gia; nguvu hupita kwenye mafuta hayo, kwa hiyo injini haizimiki gari likisimama. Si jambo jipya: General Motors ya Marekani iliuza gia za namna hii, ziitwazo Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Gari letu dogo lilipanda kwa utulivu, ingawa lilinguruma likisita kati ya gia mbili, mpaka dereva akashusha mkono wa gia kutoka D hadi L.

Siku ya pili, baada ya kumwona mtoto na kumwombea umri wa kheri, tuliteremka. Katika kona moja tuliikuta familia imesimama kando ya njia, magurudumu ya gari lao yakitoa moshi na harufu ya kuungua. Lilikuwa otomatiki, na dereva alikuwa ameteremka akiwa katika D, mguu juu ya breki muda wote. Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na mlimani hapana onyo jingine baada ya hilo. Tulikaa nao mpaka zilipopoa, kisha wakaendelea kwa L, injini ikilizuia gari. Katika manyuali kanuni ni ile ile: teremka kwa gia ya pili, wala usiweke kile madereva wakiitacho fri ili kubana mafuta. Gari lililo fri mteremkoni halizuiwi na injini hata kidogo.

Mtihani wetu wenyewe ulitungoja Voi. Dada yetu aliyeendesha gari la manyuali alishikwa na kipandauso, macho hayawezi kutazama mwanga, na jua lilikuwa likielekea kuchwa. Tulihesabu wenye leseni. Dereva wa gari dogo hajawahi kugusa klachi. Mpwa wetu ana leseni ya otomatiki pekee, na sheria haimruhusu kuendesha manyuali. Watoto sita walikuwa ndani ya gari, na mbele yetu barabara ya malori usiku.

Shangazi alivua miwani ya jua, akaivaa ya kuonea mbali, akanyosha mkono apewe ufunguo. Yeye alijifunza udereva kwenye Peugeot 404, zama ambazo wanawake waliokamata usukani mjini walihesabika kwa vidole. Alisogeza kiti mbele, akaikanyaga klachi mara tatu kuipima uzito, akasema, "Bismillahi, wanangu." Alitufikisha Mombasa kwa mwendo wa wastani, bila kulipita lori hata moja kwa papara, na mgonjwa akalala njia nzima.

Tangu siku hiyo hatuulizi tena ni gari lipi bora. Mjini na kivukoni otomatiki ni rehema, hasa kwa mama mwenye maumivu ya goti au uchovu wa kutwa. Lakini gari ni jambo moja, na ujuzi wa dereva ni jambo jingine. Binti aliyejifunza manyuali huhamia otomatiki kwa maelezo ya nusu saa. Aliyejifunza otomatiki hawezi kuhamia manyuali siku ya dharura, tena usiku.

Rai yetu kwa wazazi ni kwamba binti ajifunze na kutahiniwa katika manyuali, hata kama nyumbani pana otomatiki. Kila nyumba iwe na zaidi ya mtu mmoja awezaye kuliendesha kila gari lililopo. Na mwenye otomatiki asiishie kuzijua P, R na D. Aulize ile L ina kazi gani kabla mlima haujamuuliza yeye. Mpwa wetu amekwisha kuanza: kila Jumamosi asubuhi yuko uwanjani na Shangazi, gari linazimika, linawaka, linazimika tena, na Shangazi hana haraka.