Saa ya Huku au ya Kule?

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu ng'ambo ni Bweni: unapanda kivuko, unavuka mto, unamaliza shughuli yako, unarudi kula mchana nyumbani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao ng'ambo yao ni nchi nyingine.

Basi la Tunduma, mpakani na Zambia, liliondoka Dar es Salaam alfajiri, na safari ni ya zaidi ya kilomita 900. Giza lilitukuta Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa. Baada ya Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, nikamsikia kondakta akiita, "Wa Mpemba! Mpemba hapa!" Mtu wa pwani nikakaa sawa kitini, kana kwamba nitaona karafuu zimeanikwa. Nilichokiona ni malori. Yamepangana kando ya barabara, tela nyuma ya tela, na madereva wameketi chini wakipika ugali kwenye majiko ya mkaa. Nikahesabu hadi 60, nikachoka. Jirani yangu akanieleza kwamba mengi yanakwenda Zambia na Kongo, na yakirudi hubeba shaba.

Nikajiambia: Tunduma ni geti tu. Watu hupita hapa, hawaishi.

Nilifikia kwa dada, binti ya shangazi yangu, aliyeolewa huko. Ilikuwa Julai. Kwetu Julai ni kusi, unafunga kitasa cha dirisha basi. Tunduma nililala na blanketi mbili na soksi. Asubuhi nikatazama simu: saa kumi na mbili kasoro. Nikajifunika tena. Kumbe nyumba nzima imeshakunywa chai! Simu yangu ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia usiku, ikarudi nyuma saa nzima bila kuniaga.

"Usiseme saa ngapi, mjukuu wangu," mama mkwe wa dada akaniambia. "Sema saa ya huku au ya kule."

Bibi huyo ni Mnyamwanga, na Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Akanipeleka sokoni kwa rafiki yake muuza dagaa. Aproni ya mama yule ina mifuko miwili: wa kulia shilingi, wa kushoto kwacha. Mteja akimwambia "dagaa" anajibu dagaa. Akimwambia "kapenta" anajibu kapenta, na mkono wake umeshaingia mfuko unaostahili kabla macho hayajatoka kwenye mizani. Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Katikati ya mazungumzo akamwita binti yake: "Nafika Zambia mara moja, shika meza." Ndivyo mama yangu anavyosema akienda dukani kufuata chumvi.

Siku ya tatu kukawa na msiba Nakonde, upande wa pili. Wanawake wa mtaa wakachanga unga, nasi tukaondoka. Mimi mgeni nilipitia Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichofunguliwa mwaka 2019 na marais Magufuli na Lungu. Maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, kwa hiyo husimami foleni mara mbili. Nilitegemea kuona kitu kikibadilika nikishavuka. Udongo ni uleule mwekundu. Vibanda ni vilevile. Ugali ni uleule, ila wanauita nshima.

Nikamuuliza bibi mji wake unaishia wapi. Nilidhani atageuka kuonyesha geti tulilotoka. Akanyoosha kidole mbele, kwenye mikaratusi juu ya kilima, mbali ndani ya Zambia. "Pale alikozikwa mama yangu. Mbele ya hapo siwajui watu."

Nikanyamaza. Nilikuja nikidhani mji wao ni kipande cha mwisho cha nchi yangu. Kumbe mwenyewe anaupima kwa makaburi na kwa watu anaoweza kuwapigia hodi.

Tangazo lilikuwa maziko saa nane mchana. Nilitazama simu ikasema saa saba na nusu, nikataka tupumzike kidogo kivulini. Bibi alikuwa ameshatangulia, unga kichwani, anapandisha kilima. Waliotangaza ni ndugu wa Tunduma.