Albamu za Lumumba: Maisha Yetu Yaliyobandikwa kwa Kole

Juma hili tunatembea katika kartie yetu wenyewe, Lumumba, hapa Bunia. Hatutafuti nyumba mpya wala maduka makubwa. Tunatafuta kitu ambacho karibu kila nyumba inacho, chini ya kitanda, juu ya kabati au ndani ya valizi ya zamani: foto, karatasi na vipande vya vitu ambavyo mama alikataa kutupa. Tunataka kusema habari ya furaha ya kuvikusanya vyote ndani ya kitabu kimoja.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unanunua kaye kubwa yenye ganda gumu. Ndani unabandika foto, barua, kadi ya ndoa, kipande cha kitenge, na pembeni unaandika maneno machache: nani, wapi, lini. Kikundi chetu hufanya kazi hii siku ya posho, tukimaliza hesabu ya akiba. Tunatandika mkeka kivulini, mkasi mmoja unazunguka kati ya watu sita, na hakuna anayeharakisha. Mama aliyekuja na kichwa kizito kwa sababu ya madeni anajikuta anacheka akiona alivyosuka nywele mwaka wa ndoa yake. Watoto wanasogea na kuuliza, "Huyu ni nani?" Hapo ndipo hadithi inaanza.

Vifaa viko karibu. Ukitoka Lumumba kuelekea Boulevard de Libération, utapata wanaouza kaye na biki, na vijana wanaotoa foto kwenye simu na kuzichapa kwenye karatasi. Kwa fundi wa cherehani, mabaki ya vitenge yanaanguka chini ya mashine, na ukiomba vizuri atakupa bure. Kitenge cha 8 Machi kinafaa sana. Kwa kuwa kila mwaka kinatoka kipya, kipande kidogo tu kinatuambia ukurasa huo ni wa mwaka gani, hata kama aliyebandika alisahau kuandika tarehe.

Kole tunaipika wenyewe. Kule Marekani, mwaka 1873, mwandishi Mark Twain alipata hataza ya albamu ambayo kurasa zake zilipakwa gundi tayari. Mtu alilowesha kwa maji tu na kubandika. Sisi tunachukua vijiko viwili vya unga wa muhogo na kikombe cha maji baridi, tunakoroga mpaka mabonge yaishe, kisha tunaweka motoni na kugeuza hadi uji uwe mzito na kung'aa. Ikipoa, paka kidogo tu. Ikizidi, karatasi inajikunja, na tena mende na panya wanapenda muhogo kama sisi. Foto usiipake kole mgongoni. Kata karatasi nne ndogo, zibandike kama mifuko kwenye pembe, halafu ichomeke humo. Siku ukitaka kuitoa, itatoka bila kupasuka.

Ukurasa unaopendwa kuliko yote ni ule wa diplome. Mnajua matokeo ya egzame ya serikali yakitoka inavyokuwa: kelele barabarani, na mtoto aliyefaulu anamwagiwa poda mpaka anakuwa mweupe kichwa mpaka miguu. Mama mmoja wetu amebandika foto tatu za namna hiyo, za watoto wake watatu, na chini ameandika idadi ya mabeseni ya mihogo aliyouza kulipa masomo. Wageni wanaangalia poda. Watoto wake wanasoma hesabu ile.

Kartie yetu inabeba jina la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wetu wa kwanza. Alipouawa tarehe 17 Januari 1961, mwili wake uliharibiwa kabisa ili asiwe na kaburi. Kilichobaki ni jino. Ubelgiji ililirudisha kwa familia yake mwezi wa sita 2022, na tarehe 30 mwezi huo likazikwa Kinshasa kwa heshima zote. Taifa zima lilisimama kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye ganja la mkono. Basi mama anayetunza kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yake asichekwe.

Tena sisi wa Bunia tunajua ni upesi gani vitu hivi vinapotea. Mwezi wa tano 2003, vita vilipoingia mjini, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya MONUC. Wengine walitembea kwa miguu mpaka Beni. Mwezi wa sita askari wa Umoja wa Ulaya walikuja na operesheni ya Artemis, wakakaa mpaka mwezi wa tisa. Tuliporudi nyumbani, wengi tulikuta hakuna milango, hakuna sufuria, hakuna foto. Na tangu mwisho wa 2017, ndugu zetu wa Djugu wamepitia mambo yaleyale. Wengi wamekuja huku, wakaishi katika kambi kama Kigonze, na baadhi yao tunaketi nao kwenye mkeka mmoja.

Mmoja wao, mama wa watoto wanne, hakuwa na foto hata moja ya utoto wao. Siku ya kwanza aliangalia kaye yake tupu na kusema, "Mimi nitabandika nini?" Hatukuwa na jibu la haraka. Juma lililofuata alileta watoto wote. Aliweka mkono wa kila mmoja juu ya ukurasa, akauzungushia biki, na ndani ya kila mkono akaandika: alizaliwa wakati wa mavuno gani, nani alimpokea, nani alimpa jina na kwa sababu gani. Leo kaye yake ndiyo yenye maneno mengi kuliko zetu zote.

Wamama wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, walitutangulia katika jambo hili. Chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, akiwemo Beatrice Were, kiliwasaidia wamama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Wakati huo dawa zilikuwa shida kupatikana, na mama aliogopa kufa kabla mtoto hajajua ukoo wake. Waliandika majina ya mababu, kijiji cha asili, tabia za mtoto alipokuwa mdogo. Wengi waliona kwamba kitabu kiliwapa pia njia ya kusema na watoto mambo ambayo mdomo ulishindwa kuyaanza.

Kuna jambo moja gumu, na tulisema tusilifiche. Katika foto za kabla ya vita, majirani wa makabila mbalimbali wameketi benchi moja, kwenye ubatizo, kwenye arusi. Binti mmoja alichukua mkasi atoe sura za watu fulani. Mama yake akamshika mkono: "Siku hiyo tulikula sahani moja, na wao ndio waliobeba maji." Tulijadiliana muda mrefu, na wengine walilia. Hatukulazimisha mtu. Tulikubaliana kwamba mkasi ni wa kitenge na karatasi, si wa watu. Anayeumia akiiona foto aiweke katika bahasha mwishoni mwa kaye, mpaka moyo utulie. Watoto watakuja kujua kwamba tuliwahi kuishi pamoja.

Shauri la mwisho: vyeti vya kuzaliwa, diplome na karatasi za kiwanja visibandikwe. Bandikeni kopi, na zile za asili zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na albamu, mahali pa juu, mbali na mchwa na unyevu. Iwe kifurushi ambacho mama anaweza kukichukua kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mtoto.

Siku ya posho ijayo, njooni na foto moja, kipande kimoja cha kitenge, na jina la mtu mmoja wa ukoo ambaye watoto wenu hawamjui. Kole tutapika sisi.