Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Mwanahisabati Tumizi Chipukizi na Fursa Zake

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii husikika sana katika michango ya harusi, mikutano ya vyama vya ushirika na majukwaa ya siasa, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa panapozungumziwa somo la hisabati. Sababu yenyewe haifichiki. Katika fikira za wengi, mwanahisabati ni mtawa. Hujifungia chumbani na kalamu yake, husahau kula, na hatimaye huibuka na jawabu ambalo hakuna mwingine awezaye kulielewa. Huenda picha hii ina chembe ya ukweli kwa baadhi ya wanaoishughulikia hisabati kwa ajili yake yenyewe. Kwa mwanahisabati tumizi, picha hiyo inapotosha, na upotovu wake una gharama, kwa kuwa humfanya chipukizi azitafute fursa mahali zisipokuwa.

Msomaji wa jarida hili hana haja ya kuelezwa maana ya neno "tumizi". Anaifahamu isimu tumizi, taaluma inayozichukua nadharia za lugha na kuzipeleka darasani, mahakamani na hospitalini. Hisabati tumizi ni nduguye wa tumbo moja. Huyachukua maswali ambayo hayakuzaliwa ndani ya hisabati: maji hupitaje ardhini, maradhi hueneaje kijijini, chuma hupoaje kiwandani, msongamano wa magari huanzia wapi. Swali huwa mali ya daktari, mhandisi au mkulima. Mwanahisabati hulitafsiri katika milinganyo, huitatua milinganyo hiyo, kisha hulirudisha jawabu kwa mwenyewe kwa maneno anayoyaelewa. Maadamu kazi yenyewe ni ya kwenda na kurudi baina ya watu, fursa kuu ya chipukizi katika taaluma hii si cheti wala safari ya ndege. Fursa ni kukutanishwa na mwenye swali, na kukutanishwa na wenzake watakaolitafuta jawabu pamoja naye.

Hebu na atazamwe mhitimu wa kawaida wa shahada ya uzamili katika eneo hili la Afrika Mashariki. Hufundisha kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, pengine katika mabewa mawili, akikabiliana na kumbi zilizojaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jioni husahihisha mitihani. Tasnifu yake hubakia kazi ya usiku wa manane. Akikwama katika ukurasa wa 40, huenda nchini mzima asipate zaidi ya watu wawili au watatu waliowahi kulishughulikia swali la aina hiyo, na mmoja wao ndiye msimamizi wake mwenye shughuli chungu nzima. Wiki hugeuka miezi. Wapo wanaoiacha taaluma katika hatua hii, na ni makosa kudai kwamba wote walipungukiwa na akili. Baadhi yao walipungukiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Upweke huu ulimpata hata mtu ambaye baadaye alituzwa Nobeli. Abdus Salam, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni Pakistan, alirejea Lahore kutoka Cambridge mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 25, ili kufundisha hisabati. Hakupata hapo jamii ya watafiti wa fani yake. Mwaka 1954 aliondoka na kurudi Uingereza, kwani aliona kwamba ilimbidi achague kati ya nchi yake na kazi yake. La kusifika ni kwamba hakuyasahau machungu ya uchaguzi huo. Mwaka 1964 aliongoza kuanzishwa kwa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ambacho kwa kifupi huitwa ICTP, na hisabati nayo ikapata makao humo. Miongoni mwa mipango ya kituo hicho ni ule wa kumwezesha mtafiti wa nchi inayoendelea kuzuru Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa, kila mara kwa majuma machache, kisha kurejea kazini kwao. Mpango huo haukukusudiwa kuwahamisha wasomi. Ulikusudiwa kuwaondolea ulazima wa kuhama. Kuenda na kurudi, si kuenda na kupotea, ndiko kulikokuwa kiini cha wazo la Salam, na chipukizi anayejaza fomu yoyote ya ufadhili angefaa kujiuliza kwanza: je, mpango huu utamrudisha kwao na nini mkononi?

Ikiwa Trieste ilitafuta dawa ya upweke, Oxford ilitafuta dawa ya maradhi mengine, yaani kukosa swali. Mwaka 1968 wanahisabati wa chuo kikuu hicho, wakiongozwa na Alan Tayler na Leslie Fox, walianzisha mkutano wa juma moja baina yao na watu wa viwandani. Utaratibu wake ni rahisi kiasi cha kushangaza. Siku ya kwanza, mtu kutoka kiwandani husimama mbele ya ukumbi na kueleza jambo linalomtatiza. Haleti mlinganyo, huleta kero. Maprofesa na wanafunzi hujigawa katika makundi kulingana na swali lililowavutia, huketi mbele ya ubao, hubishana, hufuta na huandika tena. Siku ya mwisho kila kundi hueleza lilikofika, na baadaye ripoti huandikwa. Utaratibu huo umeigwa katika nchi nyingi. Australia iliuanza mwaka 1984, nayo Afrika Kusini ikaupokea mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ambako maswali ya migodi na ya viwanda vya sukari yamewahi kuwekwa mezani. Huko Johannesburg mkutano wenyewe hutanguliwa na kambi ya siku chache ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu, ili chipukizi asiingie ukumbini mikono mitupu.

Mtu aliyezoea mitihani hupata somo zito katika mikutano ya aina hii. Darasani, swali huja likiwa limepikwa: kila kinachohitajika kimetajwa, na kisichohitajika kimeondolewa. Kiwandani swali huja bichi. Mwenye nalo hajui ni lipi la kutaja na lipi la kuacha, na huenda hata tatizo analolitaja silo linalomsumbua. Mwanafunzi aliyepata alama za juu kabisa anaweza kukaa siku nzima bila kuandika mstari mmoja, ilhali mwenzake wa wastani akauliza swali dogo la kawaida, "Mashine hii huzimwa saa ngapi?", na kumbe ufunguo wa kazi nzima umo humo. Kusikiliza, kwa hivyo, ni sehemu ya hisabati yenyewe.

Mwaka 2003 Afrika ilipata taasisi yake iliyounganisha dawa hizo mbili. Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg ambaye sehemu ya utoto wake aliiishi Afrika Mashariki wazazi wake wakiwa wakimbizi wa kisiasa, alianzisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, katika jengo lililowahi kuwa hoteli huko Muizenberg, karibu na Cape Town. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za bara hili walisoma humo kwa mwaka mmoja wakigharimiwa. Wahadhiri wageni waliletwa kwa majuma machache machache, wakalala na kula chini ya paa moja na wanafunzi, hivi kwamba swali la usiku lingeweza kujibiwa kwenye kiamshakinywa. Vituo vingine vilifunguliwa Senegal mwaka 2011, Ghana mwaka 2012, Kamerun mwaka 2013 na Rwanda mwaka 2016. Hapa karibu, mwaka 2002 vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliungana katika mpango wa hisabati wa Afrika Mashariki uliofadhiliwa kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, na shule zake fupi zikawakutanisha vijana wa kanda hii. Isitoshe, lipo shirika la CIMPA lililoanzishwa mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1978, ambalo huandaa shule za utafiti katika nchi zinazoendelea. Hapo mwanafunzi haifuati shule ng'ambo. Shule humfuata yeye.

Fauka ya hayo, yapo makongamano makubwa. Lile la kimataifa la hisabati tumizi, ICIAM, lilianzia Paris mwaka 1987 na hufanyika kila baada ya miaka minne; mwaka 2023 lilikuwa Tokyo. Huko Heidelberg, Ujerumani, tangu mwaka 2013 vijana wapatao 200 wa hisabati na sayansi ya tarakilishi huchaguliwa kila mwaka ili kukutana na washindi wa tuzo kuu za fani hizo. Haya ni mambo ya fahari. Hata hivyo, katika kongamano la maelfu ya watu chipukizi anaweza kuwa mpweke kuliko alivyokuwa chumbani mwake. Atahutubu kwa dakika chache mbele ya viti vitupu, atapiga picha mlangoni na kurudi na mkoba wenye nembo. Anayefaidika ni yule aliyekwenda na swali moja na majina ya watu watatu wa kuwauliza.

Vizingiti ni vingi, na haifai kuvifunika. Tangazo hufika likiwa limebakisha siku nne. Barua ya pendekezo humngoja mhadhiri aliye safarini. Ubalozi hudai taarifa ya benki ya mtu ambaye mshahara wake wa muhula haujalipwa. Nao umri haungoji: Nishani ya Fields hutolewa kwa wasiozidi miaka 40, Tuzo ya Collatz ya hisabati tumizi kwa walio chini ya miaka 42, na Tuzo ya Ramanujan inayotolewa Trieste kwa walio chini ya miaka 45. Si wengi watakaozikaribia tuzo hizo, lakini misaada midogo ya masomo nayo aghalabu huwa na mipaka ya namna hiyo. Kijana aliyechelewa miaka mitano kwa sababu ya karo huukuta mlango umerudishwa.

Ni hapa ambapo mwanafunzi wa Kiswahili anaingia, na haingii kama mtazamaji. Mwaka 1927 W. O. Kermack na A. G. McKendrick walionyesha jinsi ya kuufuata mlipuko wa maradhi kwa kuigawa jamii katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliotoka katika mzunguko huo kwa kupona au kufa. Hesabu sahili itokanayo na wazo hilo yasema kwamba iwapo mgonjwa mmoja huwaambukiza watu wawili pale ambapo hakuna mwenye kinga, mlipuko huzuilika pindi zaidi ya nusu ya watu wanapokuwa na kinga. Akiambukiza wanne, nusu haitoshi tena. Huhitajika zaidi ya robo tatu. Tofauti kati ya wawili na wanne ndiyo tofauti ya shehena nzima za chanjo, na hutegemea, pamoja na mengine, ni watu wangapi ambao mtu hukaribiana nao kwa siku.

Idadi hiyo haipatikani ubaoni. Huko Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu mwaka 1989, watafiti walichapisha mwaka 2014 uchunguzi ambamo wakazi wa mashambani waliweka shajara za watu waliogusana nao kimwili kwa siku. Na atafakari mwanaisimu uzito wa kitenzi hicho. Kukutana si kutangamana, na kutangamana si kugusana. Muulize mama ni watu wangapi aliokutana nao, atahesabu hata waliopungiana mikono ng'ambo ya barabara. Muulize aliowagusa, atakumbuka mtoto mgongoni na jirani aliyempa mkono. Kila kitenzi huzaa tarakimu yake, na kila tarakimu huingia katika mlinganyo ikiwa na sura ya ukweli. Mwanahisabati aliyepewa kitenzi kisichofaa atakokotoa bila kosa lolote na kufikia jawabu la uongo.

Kwa hivyo idara ya hisabati na idara ya Kiswahili, ambazo katika vyuo vyetu hutenganishwa na ngazi chache tu, zina biashara ya kufanya pamoja. Utaratibu wa Oxford hauhitaji maabara. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuwaalika wenzao wa hisabati kwa juma moja la likizo, kikamwita mvuvi asiyejua kwa nini barafu yake huisha kabla ya samaki kufika sokoni, karani wa chama cha akiba na mikopo, na msimamizi wa kituo cha matatu. Jumatatu waeleze kero zao kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili waulize kila neno lina maana gani kinywani mwa msemaji, na wale wa hisabati waliandikie neno hilo alama yake. Ijumaa majawabu yarudishwe kwa wenyewe kwa lugha ile ile, nao waamue kama yana maana. Chipukizi aliyepitia juma kama hilo atakuwa na la kuandika katika fomu ya Trieste au ya Heidelberg, na hata asipochaguliwa, atakuwa amekwisha kuifanya kazi ya taaluma yake. Ukumbi upo, ubao upo, na mwaliko wa aina hii hauhitaji viza.