Davos: Mji ambao jua huogopwa kuliko baridi

MWULIZE mtu yeyote wa Nairobi ni lini mlima wenye theluji huwa na hatari, naye atakuambia ni wakati wa baridi kali. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofika Davos, mji wa Uswisi ulio mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya mwezi wa Aprili. Huko ni majira ya machipuko. Maua yalikuwa yameanza kuchomoza kando ya barabara na watu waliketi nje ya mikahawa wakiwa na mashati tu. Juu yao, milima ilikuwa bado myeupe pepepe.

Tulikuwa watano, na tulikuwa tumemlipa kiongozi, mzee wa miaka sitini na ushei, atupeleke katika bonde la Dischma. Saa kumi za usiku tulikuwa tumekwisha kunywa chai. Mzee akatoka nje, akatazama mawingu, akaikanyaga theluji ya uani. Kiatu kikazama.

"Leo hatuendi," akasema, akarudi kulala.

Msomaji, nilikasirika. Nauli ya kutoka Kenya si ya mchezo, nami nilikuwa na siku tatu tu.

Wakati wa kiamsha kinywa alitueleza. Theluji ya mlimani hulala tabaka juu ya tabaka, kwa jinsi nilivyomwelewa, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Jua la machipuko huyeyusha ile ya juu, maji yakapenya hadi chini na kulegeza kila kilichokuwa kimeshikana. Wenyeji wa Murang'a hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani udongo wao hufanya vivyo hivyo mvua ya masika inapozidi. Mteremko hushiba maji, kisha huondoka.

Usiku usio na mawingu ndio huokoa watu. Joto la theluji hupaa angani, maji yakaganda tena, na alfajiri unakuta gamba gumu kama saruji. Mawingu nayo ni blanketi. Yakitanda usiku kucha, theluji haigandi, na mlima huamka ukiwa umechoka tangu asubuhi.

Poromoko la theluji yenye maji haliendi kasi kama lile la theluji kavu, lakini ni zito ajabu, na likisimama hukaza. Aliyefunikwa hawezi hata kukunja kidole. Akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza ana matumaini makubwa. Ikipita nusu saa, wengi huwa wamekwisha kukosa hewa. Ndiyo sababu kila mmoja wetu alipewa koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na kijiredio cha kifuani kinachowaonyesha wenzako mahali ulipozikwa. Wenzako, nasema, kwa maana helikopta huenda ikachelewa.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikwenda kutazama kanisa la Frauenkirch, nje kidogo ya mji. Ukuta wake wa upande wa mlima umejengwa kwa ncha kama pua ya jahazi, ili theluji ikishuka ipasuke na kupita kandokando. Watu hawa wamezika wengi. Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951, maporomoko yaliua watu 98 nchini Uswisi. Siku hizi vijiji vimekingwa kwa vizuizi vya chuma na misitu isiyokatwa, na taasisi ya utafiti wa theluji iliyo hapo hapo Davos hutoa taarifa ya hatari kwa ngazi tano. Mwaka wa 2018, UNESCO iliuingiza ujuzi wa Waswisi na Waaustria wa kuishi na maporomoko katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Hata hivyo, takriban watu 20 bado hufa kila mwaka, wengi wao wakiwa watembezi kama sisi, na mara nyingi mteremko huangushwa na uzito wa yule yule anayeupita.

Siku hiyo, lazima niseme kweli, sikuona hata tonge moja la theluji likianguka. Jioni nilimwambia mzee hivyo, kwa kichokoo kidogo. Akacheka, akaniambia nikalale mapema.

Usiku ule nyota zilijaa. Tulipoondoka saa kumi na nusu, theluji ililia kwarakwara chini ya viatu vyetu vipana. Jua lilitukuta juu, rangi ya chungwa ikishuka kilele kwa kilele, nami nikasahau hasira zote. Lakini mzee alikuwa akitazama saa. Kabla ya saa nne alitugeuza, ingawa kilele kilibaki mwendo wa dakika 40 tu na mmoja wetu alibishana naye mpaka sauti zikapanda.

Saa saba mchana tulikuwa chini bondeni tukila mkate na jibini. Mngurumo ulisikika, kama lori linalomwaga kokoto. Upande wa pili wa bonde, theluji ya rangi ya kijivu ilishuka polepole, ikafunika njia tuliyopita asubuhi. Alama za viatu vyetu zikatoweka.

Yule mwenzetu mbishi aliacha kutafuna. Mzee hakusema neno. Alikata kipande kingine cha jibini, akampa.